Meza Haina Mikono: Kufundisha Kani katika Vitu Vilivyotulia



Ni desturi yetu wakufunzi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, kuketi nyuma ya darasa tukiwa na fomu ya tathmini mkononi. Siku moja tuliketi hivyo katika Darasa la Sita la shule mojawapo ya kijijini. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa amejiandaa vyema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ulisomeka hata kutoka dirishani, na sauti yake ilitosha. Alichora meza ubaoni, juu yake akachora kitabu, kisha akaweka mishale miwili: mmoja ulielekea chini, akauandika "uzito", wa pili ulielekea juu, akauandika "kani ya meza". Akasema kwamba kani hizo mbili zinalingana, na ndiyo sababu kitabu kimetulia.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "meza inasukumaje, nayo haina mikono?"

Darasa zima likacheka. Mwanachuo akatabasamu kidogo, akagonga ubao kwa chaki, akasema: "Ndivyo sayansi inavyosema. Andikeni." Watoto wakaandika. Yule binti naye akaandika. Nasi katika fomu yetu tukaandika kwamba mwalimu amelimudu darasa, tukampa alama nzuri.

Baada ya kipindi tuliketi na mwanachuo chini ya mwembe, kama ilivyo ada, tumweleze mazuri na mapungufu ya somo lake. Yeye ndiye aliyelirudisha lile swali. "Mkufunzi," akauliza, "yule mtoto ningemjibu nini?" Tukamjibu upesi bila kusita. Tulisema kwamba kwa kanuni ya tatu ya Newton kila kani ina jibu lake, lililo sawa nayo na kinyume chake. Basi uzito wa kitabu ndio kani, na msukumo wa meza ndio jibu. Mwanachuo akashukuru, akaliandika jambo hilo katika daftari lake.

Jibu lile lilikuwa kosa. Tumeona ni haki tulikiri hapa, mbele ya wale tunaowafundisha, na hapo mbele tutaeleza kosa lenyewe ni lipi. Lakini kwanza tunataka kutoa rai yetu, nayo ni hii: katika somo la vitu vilivyotulia, mshale usichorwe ubaoni kabla kani yenyewe haijahisiwa mwilini na kuonekana kwa macho. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe hajasadiki kwamba meza inasukuma hana haki ya kumwamuru mtoto aandike hivyo.

Kwa nini mtoto hasadiki

Tukimtazama yule binti kwa haki, tutaona kwamba hakuuliza upuuzi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, nguvu ni mali ya viumbe hai. Twasema fahali ana nguvu, mpagazi ana nguvu, mgonjwa ameishiwa nguvu. Mwenye nguvu hula, hutoka jasho, na mwishowe huchoka. Meza haifanyi hata moja katika hayo. Mwalimu anaposema kwamba meza inasukuma, mtoto husikia kwamba meza inafanya kazi kama mpagazi, naye hajapata kuona meza iliyochoka. Basi hukataa, na kukataa kwake ni dalili ya akili nzima.

Zaidi ya hayo, maisha yamemfundisha mtoto kwamba penye kani pana mwendo. Akilisukuma toroli, linakwenda, akiliacha, linasimama. Kitabu hakiendi popote. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, hapana kani yoyote pale. Na akibanwa sana kwa maswali husema kwamba meza haisukumi, bali imeziba njia tu, kama jiwe lililolala mlangoni.

Wala shida hii si ya watoto wetu peke yao. Mwaka 1982 mwalimu mmoja wa fizikia wa Marekani, Jim Minstrell, aliandika habari za wanafunzi wake wa sekondari aliowauliza kuhusu kitabu kilichotulia juu ya meza. Wengi hawakukubali kwamba meza inakisukuma kitabu kwenda juu. Hao walikuwa vijana wakubwa kuliko watoto wa Darasa la Sita, katika nchi yenye maabara. Yatupasa basi tukubali kwamba ugumu uko katika jambo lenyewe, wala hauko katika upungufu wa akili za watoto wa kijijini.

Hata hivyo, lugha yetu inayotukwaza ndiyo hiyo hiyo iwezayo kutusaidia. Kiswahili husema waziwazi kwamba nguzo imebeba paa, kwamba tendegu limebeba kitanda, kwamba kichanja kimebeba vyombo. Hakuna amshangaaye mtu asemaye hivyo, ingawa nguzo haina mabega. Aidha, neno "kani", licha ya matumizi yake katika vitabu vya fizikia, lina maana ya ukaidi pia: aliyeshika kani ni yule asiyekubali kurudi nyuma. Meza nayo, kwa namna ya kusema, imeshika kani: kitabu kinavutwa chini, nayo haikubali kipite. Mwalimu aanzie hapo. Awaulize watoto: "Mmesema meza imebeba kitabu. Je, kubeba ni kufanya nini?"

Kutoka kichwani hadi mezani

Hatua ya kwanza ni mwili wa mtoto mwenyewe. Watoto wengi wamekwisha kubeba ndoo ya maji kichwani, na shingo zao zinalijua somo hili kabla ya vichwa vyao. Lita 20 za maji zina tungamo la kilogramu 20, na dunia huzivuta kwa kani ya karibu nyutoni 200. Darasani hatuhitaji mzigo kama huo; ndoo yenye lita 5, yaani karibu nyutoni 50, inatosha. Mtoto mmoja asimame wima na ndoo hiyo kichwani, asitikisike. Mwalimu aulize: "Ndoo imetulia. Je, mwenzenu anafanya kitu, au hafanyi kitu?" Hatujapata kuona darasa linalojibu kwamba hafanyi kitu. Hapo tayari mtoto amekubali jambo kubwa, kwamba yaweza kuwapo kani bila mwendo.

Kisha kila mtoto aweke daftari juu ya kiganja chake, mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Aongeze la pili, la tatu, la nne. Aulizwe: mkono unasukuma vilevile kama mwanzo, au zaidi? Ungesukuma kidogo kuliko uzito wa madaftari, yangefanyaje? Ungesukuma kupita uzito huo, yangefanyaje? Watoto watajibu wenyewe kwamba yangeshuka, au yangepanda. Basi ili madaftari yatulie, msukumo wa mkono kwenda juu hauna budi kulingana na uzito wao. Neno "kulingana" sasa limepata maana, na maana hiyo imetoka kiganjani.

Hatua ya pili ni vitu visivyo na uhai, lakini ambavyo kuinama kwake kunaonekana. Kitanda cha kamba kinafaa sana. Mtoto anajua kwamba akilala peke yake kamba hubonyea kidogo, na wakilala watatu hubonyea zaidi. Akiinuka, kamba hurudi. Kwa darasani, tuchukue ubao mwembamba wenye urefu wa kama mita moja, tuuweke juu ya matofali mawili, tofali moja kila mwisho. Tukiweka kitabu katikati, hauonekani kuinama. Tukiweka tofali, unainama kidogo. Akiketi mtoto, unainama sana. Mtoto aliyeketi aulizwe: "Unahisi nini chini yako?" Atasema ubao unamsukuma. Hapo mwalimu anyamaze kidogo, aliache darasa lisikie maneno hayo. Ubao hauna mikono.

Hatua ya tatu ndiyo meza yenyewe. Wapo walimu wanaoirukia hatua hii kwa kusema: "Na meza ni hivyo hivyo, ila hatuoni." Mtoto mwenye kudadisi hatatosheka, na hapaswi kutosheka. Tumwonyeshe. Tutafute meza yenye uso mwembamba, iliyo juu ya sakafu ngumu, mahali panapoingia jua dirishani. Tulaze kipande cha kioo juu ya meza ili mwale wa jua urudi na kupiga ukuta wenye kivuli ulio mbali kadiri ya mita 5. Doa la mwanga litaonekana ukutani. Sasa mtoto aikandamize meza katikati kwa mikono miwili. Doa litaruka. Akiachia, litarudi. Meza, ambayo macho yetu yanaiona ngumu kabisa, imeinama na kunyooka mbele yetu.

Katika jaribio hilo tuangalie mambo mawili. Kwanza, kioo kisiwekwe katikati ya meza, kwani hapo uso wa meza hushuka bila kulala upande, na doa halitasogea sana. Kiwekwe karibu na mwisho mmoja, ambako uso huinama kwa mshazari. Uso wenye urefu wa mita moja ukibonyea kwa milimita moja tu katikati, doa lililo mita 5 mbali laweza kusogea sentimita kadhaa. Pili, jua nalo linakwenda, na doa litahama polepole lenyewe. Kwa hiyo jaribio lifanywe upesi, na watoto waelezwe tofauti kati ya kuhama taratibu kwa sababu ya jua na kuruka ghafla kwa sababu ya mkono.

Mpango huu wa kwenda kutoka kinachosadikiwa hadi kinachokataliwa, kwa kupitia mifano ya katikati, hatukuubuni sisi. Minstrell aliwapitisha wanafunzi wake katika kiganja, kisha springi, kisha mwanga uliorudishwa na kioo juu ya meza. Mwaka 1993 John Clement, naye wa Marekani, alieleza kwa kirefu faida ya kuwa na mfano mmoja ulio kama nanga, ambao mwanafunzi hauonei shaka, na mifano mingine iliyo kama madaraja. Ndoo, kitanda cha kamba na ubao juu ya matofali ni nanga na madaraja yetu, navyo vinapatikana kila kijiji.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaotazama meza iliyobeba vitabu twadhani haifanyi kitu, kwa kuwa uzito ule hauko mikononi mwetu. Kazi ya somo hili ni kumfanya mtoto auone mzigo wa meza.

Meza inajuaje kiasi cha kusukuma?

Swali hili litaulizwa, na lisipoulizwa na mtoto, mwalimu aliulize yeye. Ikiwa meza inasukuma kitabu kimoja kwa nyutoni 5 na vitabu viwili kwa nyutoni 10, ni nani aliyeipa hesabu?

Jibu linaonekana vizuri katika ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Tuufunge kwenye msumari, chini yake tutundike chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo uzito wake ni karibu nyutoni 5. Chupa itashuka, itapanda na kushuka mara chache, kisha itatulia. Imetulia wapi? Mahali ambapo mpira umerefuka kiasi cha kuivuta juu kwa nyutoni 5. Tutundike chupa ya pili: mpira utarefuka tena mpaka uvute kwa nyutoni 10. Tukitia alama kila mara, tutakuwa tumejitengenezea kipimo cha kani. Kwa springi nzuri alama zitaachana kwa nafasi sawasawa, jambo alilolieleza Robert Hooke katika kitabu chake cha mwaka 1678. Kwa mpira nafasi hazitakuwa sawa kabisa, kwa hiyo kila alama itiwe kwa kupimwa.

Basi ulinganifu haukuja kwa amri. Mpira umerefuka mpaka umefikia kiasi cha kutosha, na hapo mwendo ukakoma. Meza nayo hubonyea mpaka msukumo wake umefikia kiasi cha kutosha. Kigumu chochote kimeundwa kwa chembe zilizoshikana. Zikibanwa karibu mno, husukumana. Zikivutwa mbali, huvutana. Meza inapoinama, chembe za upande wa juu zimebanwa na za upande wa chini zimenyooshwa, nazo zinapigania kurudi mahali pake. Hiyo ndiyo mikono ya meza.

Na kila kigumu kina mpaka wake. Tukizidisha mzigo, ubao utainama mpaka uvunjike, kwa maana hauwezi tena kusukuma kiasi kinachotakiwa. Mtoto aliyeelewa hivi ataliangalia benchi bovu, daraja la miti na boriti ya paa kwa jicho jipya. Fundi seremala huchagua mbao nene kwa kitanda cha watu wawili kwa sababu hiyo hiyo. Hapo somo limetoka katika daftari na kuingia nyumbani.

Kabati lisilosogea

Mpaka sasa tumesema juu ya kani za juu na chini. Vitu vilivyotulia hukutana pia na kani za upande. Mtoto alisukume kabati zito la darasa, lisisogee. Tuliulize darasa: kuna kani ngapi za upande, na ipi ni kubwa? Wengi watasema msuguano wa sakafu ni mkubwa kuliko msukumo wa mtoto, ndiyo maana kabati limeshinda. Jibu hili limo hata katika madaftari ya baadhi ya wanachuo wetu. Tulikosoe kwa swali moja tu: kama msuguano ungekuwa mkubwa zaidi, kabati lingekwenda upande gani? Lingerudi nyuma na kumsukuma mtoto! Kwa kuwa limetulia, msuguano unalingana na msukumo: mtoto akisukuma kwa nyutoni 30, sakafu inazuia kwa nyutoni 30, akisukuma kwa 60, inazuia kwa 60. Msuguano nao hukua kadiri unavyohitajiwa, mpaka ufike mwisho wake. Hapo kabati huanza kusogea.

Mchezo wa kuvuta kamba wafaa kwa kumalizia. Tufunge kitambaa katikati ya kamba. Makundi mawili yenye nguvu sawa yakivuta, watu wote hutoka jasho, visigino huchimba ardhi, na kitambaa hakiendi popote. Mtoto anayekitazama kitambaa kile hatasema tena kwamba penye utulivu hapana kani. Lakini mwalimu aongeze neno la tahadhari: kani zilizosawazika hazibadilishi mwendo, basi, hazilazimishi kitu kisimame. Baiskeli iendayo kwa kasi isiyobadilika katika njia iliyonyooka na tambarare nayo kani zake zimesawazika. Kwa darasa la msingi sentensi hiyo yatosha, ila mwalimu mwenyewe aijue vizuri, asije akafundisha jambo ambalo sekondari italazimika kulibomoa.

Kosa letu

Sasa turudi chini ya mwembe. Isaac Newton alichapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687, na ya tatu ndiyo inayokaririwa kuliko zote na kueleweka kidogo kuliko zote. Tulimwambia mwanachuo kwamba msukumo wa meza ni jibu la uzito wa kitabu. Tulikosea kwa sababu tulichanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura tu.

Kani zinazosawazishana hutenda juu ya kitu kimoja. Kani mbili za kanuni ya tatu hutenda juu ya vitu viwili tofauti. Uzito wa kitabu ni mvuto wa dunia juu ya kitabu. Mwenzi wake ni mvuto wa kitabu juu ya dunia. Msukumo wa meza juu ya kitabu nao una mwenzi wake, ambaye ni msukumo wa kitabu juu ya meza. Jumla ni jozi mbili, na sisi tulichukua mmoja kutoka jozi hii na mmoja kutoka jozi ile, tukawafungisha ndoa.

Kuna njia nyepesi ya kujisahihisha. Ondoa meza. Kitabu kinapoanguka, dunia bado inakivuta, nacho bado kinaivuta dunia. Lakini msukumo wa meza umetoweka. Wenzi wa kanuni ya tatu hawaachani hata nukta moja: akiwapo mmoja, mwenziwe yupo. Kwa hiyo uzito na msukumo wa meza si wenzi. Njia nyingine: kandamiza kitabu kwa mkono. Uzito wake haukubadilika, lakini msukumo wa meza umeongezeka, kwa kuwa sasa unasawazisha uzito pamoja na mkono. Kani hizi mbili zililingana mwanzoni kwa sababu kitabu kilikuwa kimetulia na hapakuwa na kani ya tatu, wala si kwa sababu ya kanuni ya tatu. Kila aliyepanda basi likaruka tuta anajua kwamba kuna wakati kiti huacha kumsukuma kabisa, ingawa uzito wake uko vilevile.

Je, mtoto wa Darasa la Sita ahitaji haya? La. Yeye amwone mbebaji na mzigo, na ulinganifu wao, inatosha. Lakini mwalimu wake ayahitaji, kwa sababu jibu la mkato alilopewa na mkufunzi huenda likafika kwa watoto arobaini mwaka huu, na arobaini wengine mwaka ujao, kwa muda wote wa utumishi wake. Kosa la mkufunzi huzaa wajukuu.

Udhuru tunaousikia

Wanachuo wengi hutuambia kwamba muda hautoshi, darasa lina watoto wengi, na mtihani huuliza maana ya kani tu. Hatuyadharau maneno hayo, kwani tumefundisha katika madarasa hayo hayo.

Kuhusu muda, ndoo, madaftari na ubao juu ya matofali huchukua kipindi kimoja kikiandaliwa vizuri; kioo na mpira vyaweza kungoja kipindi cha pili. Kuhusu wingi wa watoto, somo hili linafanyika nje, chini ya mti, watoto wakiwa wameketi kwa duara, na kila mmoja ana kiganja chake na daftari lake. Hakuna zana iliyogawanywa kwa usawa kama kiganja. Kuhusu mtihani, mtoto aliyeketi juu ya ubao ulioinama hatasahau kwamba kani ni msukumo au mvuto. Lakini aliyekariri sentensi hiyo tu atakwama siku swali litakapobadilisha maneno.

Udhuru ulio mzito zaidi hausemwi kwa sauti. Nao ni hofu ya kuulizwa jambo usilolijua mbele ya darasa. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya mwanachuo wetu agonge ubao, na ndiyo iliyotufanya sisi tujibu upesi chini ya mwembe. Tukumbuke habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanganyika, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa ya aiskrimu, uliotiwa ungali moto, uliganda kabla ya ule uliopoa. Aliuliza sababu, akachekwa. Baadaye alimwuliza Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Osborne hakucheka, aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja, na hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, linaloitwa kwa jina la Mpemba. Hatusemi kwamba kila swali la mtoto lina ugunduzi ndani yake. Twasema kwamba mwalimu hawezi kujua ni lipi asipolisikiliza.

Tulimwandikia mwanachuo wetu barua fupi tukikiri kosa letu, tukamweleza habari za ubao na matofali. Tulipomtembelea tena, alikuwa amekwisha kulirudia somo. Yule binti alikuwa ameketi juu ya ubao mbele ya wenzake. Alipoinuka, aliutazama ubao ukinyooka, kisha akauliza: "Na sakafu je, mwalimu? Nayo inainama?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanachuo alifikiri kidogo, akasema: "Nadhani inabonyea, kidogo sana kuliko meza. Tutafute namna ya kuonyesha."

Tukaitazama fomu yetu. Ina nafasi ya mwandiko, nafasi ya zana, nafasi ya sauti na nafasi ya nidhamu. Haina nafasi ya swali la mtoto, wala ya namna mwalimu alivyolipokea. Tukaandika pembeni, kwa kalamu. Tunawaomba wakufunzi wenzetu waifikirie nafasi hiyo fomu zitakapotengenezwa upya. Nanyi wanachuo, mkienda mazoezini muhula ujao, chukueni ubao mmoja na matofali mawili. Swali la yule binti litaulizwa tena, katika darasa lenu.